Skafu ya Sufu Katika Joto la Tanga

Katika nyumba ya bibi yangu huko Ngamiani, jijini Tanga, palikuwa na msumari mmoja juu ya meza ya redio, na kwenye msumari huo ilitundikwa skafu nyekundu ya sufu yenye maandishi meupe. Anayeijua Tanga anaelewa kwamba skafu ya sufu haina kazi katika mji ambao mtu huamka alfajiri ya Februari akiwa ameloa jasho kabla hajafanya lolote. Bibi aliipatia kazi hata hivyo. Goti lilipomsumbua wakati wa masika, alilipaka mafuta ya nazi, akalizungushia ile skafu, akafunga fundo na kuketi nayo barazani mpaka jua lilipopanda. Ndiyo maana hadi leo skafu hiyo, ambayo sasa iko mikononi mwangu, ina doa la mafuta lililofuta herufi mbili za mwisho za neno Liverpool.

Aliyeileta ni mjomba, kaka wa mama yangu. Alianzia kazi kwenye matishari yaliyobeba marobota ya mkonge kutoka gatini hadi kwenye meli zilizotia nanga ndani ya ghuba, maana enzi hizo bandari ya Tanga haikuwa na kina cha kuzileta meli kubwa ukutani. Baadaye akapata kibarua cha chumba cha mashine katika meli za ng'ambo, akawa haonekani miezi minane au tisa. Katika mojawapo ya safari hizo, kabla sijazaliwa, meli yake ilikaa Liverpool siku kadhaa ikisubiri shehena, na baharia mwenzake akamchukua kwenda uwanja wa Anfield. Aliponisimulia habari hiyo, na alinisimulia mara nyingi, hakuwa akitaja mabao. Alitaja baridi, moshi wa sigara, watu wazima wakiimba kwa sauti moja kama wako kwenye maulidi, na golikipa ambaye, kwa maneno yake, "katoka Zimbabwe, hapa jirani tu, mjomba." Kwetu mjomba na mpwa huitana kwa jina hilo hilo moja, na mimi nililichukua kama mwaliko. Golikipa mwenyewe alikuwa Bruce Grobbelaar. Kwamba alikuwa Mzungu halikumsumbua mjomba hata kidogo. Timu iliyomkabidhi jirani yetu lango lake ilikuwa timu yetu, na mjadala ukaishia hapo.

Nimeanza na skafu kwa sababu kila hoja ya ushabiki wa timu za Ulaya inapozuka kwenye kijiwe chetu cha kahawa, yuko mzee au kijana mmoja atakayesema kwamba huu ni utumwa wa fikra: mtu wa Chumbageni hajawahi kukanyaga London, hana ndugu Manchester, lakini timu hiyo ikifungwa anakosa hamu ya kula. Lawama hiyo ina ladha ya ukweli, na ndiyo maana hurudiwa. Hata hivyo mimi siikubali, kwa kuwa inadhani watu huchagua timu ya mbali kwa kutazama mbali, kana kwamba mtoto wa miaka saba huketi akalinganisha vilabu vya Uingereza, akapima historia na makombe, kisha akatoa uamuzi. Sijamwona mtoto wa namna hiyo. Niliowaona walipewa timu na mtu waliyemtazama kila siku: kaka aliyerithisha jezi iliyombana, jirani mwenye televisheni pekee mtaani, fundi baiskeli aliyebandika picha ukutani. Mke wangu ni wa Chelsea kwa sababu kaka yake alikuwa wa Chelsea, na kaka yake alikuwa wa Chelsea kwa sababu ya Didier Drogba, mshambuliaji kutoka Ivory Coast. Tangu Drogba aondoke Chelsea kwa mara ya mwisho mwaka 2015, sijasikia yeyote kati yao akizungumzia kuhama.

Wanaolaumu husahau pia kwamba jambo hili si la jana wala halikuletwa na king'amuzi. Simba, ambayo leo hakuna anayeitilia shaka utanzania wake, iliitwa Sunderland hadi mwaka 1971 ilipobadilishwa jina. Sunderland ni mji wa Uingereza ulioko kaskazini mashariki, na timu ya mji huo ilitwaa ubingwa wa ligi ya kwao mwaka 1936, mwaka ule ule ambao Simba, klabu ya Msimbazi, inauhesabu kuwa wa kuzaliwa kwake. Mababu zetu waliovaa jina hilo hawakuwa na televisheni, wala sidhani kwamba wengi wao wangeweza kuuonyesha mji huo kwenye ramani. Walilichukua, wakalifanya la kwao, na walipoona halifai tena wakaliacha bila kuiacha timu.

Na umbali wenyewe unapimwaje? Kutoka Tanga hadi Dar es Salaam ni mwendo wa barabara wa kilomita zipatazo 350. Yanga na Simba ni timu za huko, lakini mgosi wa Makorora anayelia Yanga ikifungwa haitwi mtumwa wa fikra na mtu yeyote. Anaitwa mnazi, na anajivunia kuitwa hivyo. Nenda Mkwakwani, uwanja wetu wa hapa Tanga, siku mojawapo ya timu hizo inapokuja kucheza na Coastal Union, timu ya mji wetu. Utakuta majukwaa yamefunikwa na rangi za mgeni, mwenyeji anazomewa nyumbani kwake, na wanaozomea wamekuja kwa miguu kutoka Chuda na Mabanda ya Papa. Hapo ndipo mimi huumia, sana kuliko ninavyoumia kumwona mtoto amevaa jezi ya Arsenal, kwa sababu Coastal haishindani na Arsenal kwa lolote, ilhali pointi tatu za Mkwakwani ndizo zinazoamua kama Coastal, Wagosi wa Kaya, watabaki ligi kuu. Timu hii ilikuwa bingwa wa nchi mwaka 1988. Mwaka 2022 ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini kule Arusha, ikatoka sare ya mabao 3-3 na Yanga na kufungwa kwa penalti. Usiku ule, mtaani kwetu, kuna nyumba zilizoshangilia. Watangazaji wa Uingereza hawakuwa na mkono katika hilo.

Wengine husema Ulaya inaiba watazamaji wa Mkwakwani. Saa haikubaliani nao. Mechi nyingi za hapa huanza saa 10 jioni, na zile za Uingereza za Jumamosi alasiri, wakati wa baridi ya kwao, huanza saa 12 jioni kwa saa zetu. Mtu anaweza kutoka uwanjani, akanywa kahawa na kashata, na bado akawahi. Asiyekwenda Mkwakwani ana sababu nyingine, na namwomba aitaje.

Kibanda umiza, banda la kulipia kutazama mpira kwenye televisheni, ndipo mahali ambapo ushabiki wa mbali hupata mwili, kwa hiyo nikae hapo kidogo. Cha kwetu kilikuwa cha mabati, mabenchi ya mbao za boksi zilizopigiliwa juu ya matofali, feni moja iliyomhudumia mwenye kibanda peke yake, na televisheni iliyowekwa juu kabisa ndani ya wavu wa chuma. Adhana ya magharibi iliposikika, mwenye kibanda alizima sauti bila kuulizwa, na kwa dakika chache watu sitini walitazama mpira kimya kimya, hata bao likiingia. Katika mabenchi hayo kila timu ilikuwa na upande wake, na upande huo ndio uliokuwa timu kwa kweli. Aliyekosa kuja Jumamosi mbili aliulizwa kama anaumwa.

Tarehe 25 Mei 2005, nikiwa kidato cha pili, mjomba alinipeleka hapo kutazama fainali ya Ulaya kati ya Liverpool na AC Milan. Mechi ilichezwa Istanbul, ambako saa yao wakati ule ililingana na yetu, ikaanza saa 3:45 usiku kwao na kwetu. Paolo Maldini alifunga kabla ya dakika ya kwanza kumalizika, Hernán Crespo akaongeza mawili, na mapumziko yalifika tukiwa nyuma 3-0. Watu wa Manchester United walitupigia makofi ya pole. Nusu ya upande wetu waliondoka. Nilimtazama mjomba nikitumaini kwamba naye atanyanyuka ili aibu ipungue, akanijibu bila kugeuza uso, "Nimelipa mia mbili, nakaa dakika tisini." Haikuwa imani, ilikuwa hesabu. Kisha Gerrard, Šmicer na Alonso wa Liverpool wakafunga, yote matatu ndani ya dakika sita, na benchi tulilokalia likavunjika. Ilipofika penalti, golikipa Jerzy Dudek alianza kuyumbisha miguu na kurusha mikono mstarini, kama Grobbelaar alivyofanya mjini Roma kwenye penalti za fainali ya Ulaya ya mwaka 1984. Mjomba, ambaye habari za Roma alizipata redioni tu, alinishika bega: "Unaona? Huyo kafundishwa na wa Zimbabwe." Tulirudi nyumbani usiku wa manane na hatukuzungumza njia nzima.

Watakaosema kwamba mimi ni shabiki wa klabu ya Kiingereza hawakosei. Ila nikiulizwa nilichoshabikia usiku ule, jibu la kweli ni mzee mmoja wa Ngamiani aliyekataa kupoteza shilingi mia mbili.

Upande wa pili wa ushahidi ni Aston Villa. Mbwana Samatta alipojiunga nayo kutoka Genk Januari 2020 na kuwa Mtanzania wa kwanza katika Ligi Kuu ya Uingereza, nchi nzima ilikuwa Villa. Alifunga dhidi ya Bournemouth, akafunga tena Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi waliyopoteza 2-1 mbele ya Manchester City, na mimi mwenyewe niliruka. Septemba mwaka huo huo akaenda Fenerbahçe kwa mkopo, na Villa ikaondoka naye. Jezi zile leo naziona zimevaliwa na wabeba zege. Sababu ilikuwa nzuri kuliko ya mjomba, kwani ilikuwa ya taifa, lakini Villa haikuwa na benchi kwenye kibanda. Ilitujia kwa habari, na habari ilipokwisha hapakuwa na wa kuulizwa kwa nini hakuonekana Jumamosi.

Vijana wa mikeka, wanaobashiri matokeo kwa pesa, siwaweki katika hesabu hii. Anayeitakia ushindi timu kumi na mbili kwa usiku mmoja ana shughuli yake, na shughuli hiyo si ushabiki.

Mjomba hakuuona ubingwa wa ligi wa Liverpool wa mwaka 2020, uliokuja baada ya miaka 30, viwanja vya Uingereza vikiwa vitupu kwa sababu ya korona. Mwanangu alikuwa bado hajazaliwa. Sasa ameanza shule, na amekuja na taarifa kwamba yeye ni wa Manchester City, kwa kuwa anayeketi naye dawati moja ni wa Manchester City. Nilimwonyesha skafu, nikamweleza habari za meli, za Anfield na za goti la bibi, akasikiliza kwa adabu na kuuliza kama kuna ya bluu. Juzi alipata homa kali iliyomtetemesha usiku kucha. Mama yake, wa Chelsea, aliichukua ile skafu msumarini akamfunga shingoni, naye hakuwa na nguvu za kubisha.