Ripoti ya mashine imfikie mwandishi kwanza

Janga la UVIKO-19 lilipozuka, watafiti hawakungoja majarida. Walipandisha kazi zao medRxiv na bioRxiv, hazina za machapisho ya awali ambayo hayajapitiwa na wataalamu wengine, na watu wakazisoma zikiwa mbichi vilevile. Kundi moja la watafiti likaunganisha programu kadhaa, zikawa zinapitia machapisho hayo kuona kama mwandishi ametaja yanayotakiwa, kama data na upungufu wa utafiti wake, na kutoa ripoti hadharani. Zaidi ya machapisho 6,000 yalikaguliwa. Yaliyoweka data wazi yalikuwa asilimia 13.6 tu, yaliyokiri walau upungufu mmoja, asilimia 34.4.

Hakuna jopo la binadamu ambalo lingeimudu kazi hiyo kwa kasi ile. Tena programu haichoshwi na mambo madogo, kama michoro yenye rangi za upinde wa mvua, ambayo asiyetofautisha nyekundu na kijani huisoma visivyo. Mhakiki mwenye haraka huipita, ingawa kuirekebisha ni kazi ya dakika chache.

Kuna pia ile sentensi maarufu: data zitatolewa kwa atakayeziomba. Programu inayotafuta data zilizo wazi haiihesabu, na wapo wanaoona huko ni kuwaonea waandishi. Mimi sioni hivyo. Utafiti uliotoka 2022 uliwaandikia waandishi wa makala 1,792 waliosema wako tayari kutoa data. Waliozitoa kweli ni 122.

Lakini mashine inatafuta maneno, haipimi hoja. Inaweza kumdai mtaalamu wa modeli za hesabu aeleze jinsia ya washiriki ambao hakuwa nao. Na kinyume chake, kutoona kosa pale lilipo, ndicho kibaya zaidi. Mwishoni mwa Januari 2020, chapisho moja la bioRxiv lilidai kuwa virusi vipya vina vipande vinavyofanana na vya VVU. Wanasayansi walilisoma wakaona vipande hivyo ni vifupi mno, vinapatikana kwa viumbe chungu nzima, na ndani ya siku chache likaondolewa na waandishi wake. Hapo hapakuwa na sentensi iliyosahaulika. Hoja yenyewe ndiyo iliyooza, na kuna hatari msomaji akaona ripoti safi akadhani ni cheti.

Kinachonisumbua zaidi ni nani anaambiwa, na lini. Mwaka 2016 programu ya statcheck, inayokokotoa upya takwimu zilizoandikwa kwenye makala, ilitumika kubandika ripoti za makala zipatazo 50,000 za saikolojia kwenye PubPeer, tovuti ya kujadili makala za kisayansi hadharani. Hata zisizo na kosa zilibandikiwa. Chama cha wanasaikolojia cha Ujerumani kikalalamika, na hakikukosea sana: mwandishi alikuwa akijua kosa lake, au kosa la programu, siku moja na dunia nzima.

Kwa hiyo ningependa ripoti imfikie mwandishi kabla chapisho halijapanda, akiwa bado na nafasi ya kurekebisha au kubisha. Watetezi wa uwazi watasema msomaji ananyimwa onyo, na wakati wa janga hoja hiyo ina uzito. Basi takwimu za fani nzima zitangazwe, lakini chapisho moja moja lisipewe alama. Alama ikishakuwapo, wahariri wataigeuza chujio, na waandishi watajifunza kuandika sentensi inayotafutwa hata kama data zenyewe hazifunguki.