Weusi Unaosifiwa na Weusi Unaoonekana

Katika filamu ya Kitamil ya mwaka 2000 iitwayo Vetri Kodi Kattu kuna wimbo ulioimbwa na Anuradha Sriram kwa muziki wa Deva. Jina lake tu linatosha: nyeusi ndiyo rangi niipendayo. Naupenda wimbo huu kwa moyo wote. Kwa Kitamil weusi ni karuppu, na neno hilo ndilo limo katika jina la Karuppusamy, mungu mlinzi wa vijiji vya Tamil Nadu, jimbo la Watamil kusini mwa India. Fikiria: mlinzi wa kijiji anaitwa Mweusi, halafu binti wa kijiji hicho anakatazwa kukaa juani asije akakosa mchumba. Krimu ya kung'arisha ngozi iitwayo Fair & Lovely imeuzwa India tangu 1975, na jina hilo halikubadilishwa hadi 2020. Sisi tunaoujua mkorogo, tuliosikia "maji ya kunde" ikitajwa kama sifa ya mwari, maumivu haya si mageni kwetu.

Ila kuna jambo linaniuma kila niusikiapo wimbo ule. Anayesifiwa ni mwanamume. Kwenye filamu anayeimbiwa ni Murali, mwigizaji mweusi, na anayemwimbia ni binti mweupe. Sinema ya Kitamil imewaenzi wanaume weusi miaka mingi: Rajinikanth, Vijayakanth, Dhanush, Vijay Sethupathi. Wapenzi wao wa kwenye filamu mara nyingi wametafutwa kaskazini mwa India, wengine hata Kitamil hawakijui, wakatiwa sauti na mtu mwingine. Yaani mwanamke mweusi amenyimwa sura na ulimi wake ukaazimwa.

Ndiyo maana nasema wimbo uliofanya kazi kubwa zaidi ni Enjoy Enjaami wa Machi 2021, wa mwimbaji Dhee na rapa Arivu, uliotayarishwa na Santhosh Narayanan. Hauisifii rangi ya mtu. Unamwimbia Valliammal, bibi yake Arivu, aliyefanya kazi katika mashamba ya chai ya Sri Lanka. Watamil wa mashamba yale walinyimwa uraia mwaka 1948, wakati kisiwa kikiitwa Ceylon, na mkataba wa 1964 ukapanga watu 525,000 wapelekwe India. Walipanda, wakachuma, wakaondoka bila kiwanja. Arivu alichukua oppari, maombolezo ya msibani, akayageuza mdundo wa kuchezwa, na kwenye video zikajaa nyuso za watu wa jua na udongo. Hapo weusi hautetewi. Umekaa kwao, unahesabu mali ya mababu.

Agosti mwaka huo, toleo la India la jarida la Rolling Stone likawaweka jaladani Dhee na rapa mwingine, Shan Vincent de Paul. Arivu, mwandishi wa maneno yale na mtoto wa jamii ya Wadalit, watu waliobaguliwa na matabaka ya India, hakuwemo. Mwongozaji filamu Pa. Ranjith alilalamika hadharani, na baadaye jarida likamtolea Arivu jalada la mtandaoni. Lilikuwa jambo jema, lakini lilingoja kelele.

Mimi bado nausubiri ule mwingine: wimbo wa filamu kubwa ya Kitamil ambamo binti mweusi tii, msemaji wa Kitamil cha nyumbani kwao, ndiye anayeimbiwa, tena kwa sauti ya mapenzi na si ya utani.