Orlando na Dodoma: Tunachopaswa Kuiga si Mashine

Likizo ya Juni ikikaribia, ndugu zangu wa Dodoma huanza kuniuliza, kwa utani wenye ukweli ndani yake, ni lini nitawapeleka tena watoto Disney, zile bustani za burudani za Orlando, Florida, kana kwamba kuishi Marekani bila kwenda huko ni sawa na kukaa Zanzibar bila kuonja urojo. Sisi tunaishi Atlanta, mwendo wa gari wa saa saba hivi hadi Orlando, na kwa hiyo safari hiyo kwetu haina viza wala ndege. Kwa kuwa siku hizi wapo wazazi wa nyumbani wenye uwezo wa kuifikiria, naomba niseme wazi msimamo wangu: kwa mtoto aliye chini ya miaka 6, kinachozifanya bustani zile kuwa nzuri si mashine zake kubwa za kupanda, bali ni mambo madogo ambayo Dodoma ingeweza kuwa nayo bila kumsubiri mwekezaji yeyote.

Tuanze na mipango yenyewe. Walt Disney World, iliyofunguliwa Oktoba 1971, si uwanja mmoja. Ni bustani nne za burudani zilizotawanyika katika eneo la takriban kilomita za mraba 100, na kila moja inatosha kuwachosha watoto kutwa nzima. Tiketi huuzwa kwa tarehe, na bei hupanda na kushuka kwa msimu. Siku za msongamano, tiketi ya mtu mzima ya siku moja katika Magic Kingdom, mojawapo ya bustani hizo nne, imevuka dola 180. Mtoto ambaye hajatimiza miaka 3 huingia bure, wa miaka 3 hadi 9 hupunguziwa kidogo tu, na akifikisha 10 hulipiwa kama mtu mzima. Juu ya hapo kuna malipo ya kukwepa foleni, ambayo aliyepanga katika hoteli za Disney huruhusiwa kuyapangia muda siku 7 kabla na wengine siku 3 kabla, kwa programu ya simu. Matokeo yake ni kwamba mzazi anatembea na ratiba mkononi, na nimemshuhudia mtoto wa miaka kama minne, aliyekuwa amechuchumaa akiwatazama bata kwa furaha tele, akivutwa mkono huku analia kwa sababu zamu ya familia yake kwenye mashine fulani ilikuwa imefika.

Bata hao, bila shaka, hawakuwa kwenye tiketi.

Halafu kuna kipimo cha urefu. Mashine ya Space Mountain inamtaka mtoto awe na sentimita 112, na treni ya Seven Dwarfs inataka 97. Asiyefika hapandi, hata baba yake abembeleze vipi, na ni haki kabisa iwe hivyo. Mtoto wa miaka 3 kwa hiyo analipiwa karibu sawa na mtu mzima, lakini furaha yake yote ataipata kwenye pembe ndogo ya bustani, kwenye tembo wanaozunguka angani na mashua zinazokwenda taratibu. Ndiyo maana huwashauri wanaoniuliza wasubiri mtoto afikishe miaka 6 au 7, na wakishindwa kusubiri, basi waende Januari mwishoni au Septemba, wakati shule nyingi za huku zimefunguliwa na foleni zimepungua, ingawa Septemba joto la Florida na mvua zake za alasiri bado havina huruma.

Sasa nije kwenye yanayostahili sifa. Katika kila bustani kuna kituo cha watoto wachanga chenye vyumba vya kunyonyeshea, meza za kubadilishia nepi na mahali pa kupasha chakula moto. Chakula cha nyumbani kinaruhusiwa kuingia, kwa hiyo chapati zetu hupita mlangoni bila maswali, na maji baridi ya kunywa hutolewa bure kwenye migahawa mingi ya humo. Upo pia utaratibu ambao mzazi mmoja hubaki na mtoto mdogo huku mwenzake akipanda mashine, kisha wakabadilishana bila yule wa pili kupanga foleni upya. Nilipouona kwa mara ya kwanza nilimkumbuka dada yangu, kwa sababu kazi hiyo nyumbani ni ya shangazi. Huku shangazi hayupo. Bustani imelazimika kumbuni.

Dodoma shangazi wapo tele. Siku ya Idi au Krismasi familia hujazana kwenye Noah, bibi akikaa mbele, watoto wamevaa nguo mpya, na mahali pa kwenda pakiwa Nyerere Square au Chinangali, palipo na aiskrimu, mpiga picha na bembea za kulipia. Kwa mtoto wa miaka 4 furaha hiyo haina upungufu wowote. Upungufu uko kwa mama mwenye mtoto wa miezi minane, ambaye katika viwanja vyetu vingi atambadilishia nepi kwenye kiti cha gari, atatafuta kivuli kwenye jua la saa saba mchana, na mtoto wake mkubwa akipotea atategemea sauti yake mwenyewe.

Wanaotaka mashine na maji ya kuteleza wanaweza kupanda treni ya SGR, reli mpya ya kisasa iliyofika Dodoma mwaka 2024, wakaenda Kunduchi au Kigamboni, Dar es Salaam, na kurudi wikiendi hiyohiyo. Sioni haja ya Dodoma kuota Disney yake. Naona haja ya kuanzia pale tulipo na umati tayari, yaani viwanja vya maonyesho ya wakulima ya Nanenane, Nzuguni. Kila mwaka ng'ombe wa maonyesho huandaliwa banda lenye paa na maji. Banda moja la mama na mtoto, lenye meza za nepi, mikeka, maji safi na mtu mwenye kipaza sauti wa kuwapokea watoto waliopotea, halihitaji mkopo wala mtaalamu kutoka nje, na kamati ikiamua sasa linaweza kuwa limesimama kabla ya tarehe 8 Agosti ijayo.