Mengineyo: Laki Tatu

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alinipigia Jumanne saa tatu usiku. Shikamoo yake tu ilitosha kunijulisha kuna jambo. "Kaka, gari imefika tangu wiki iliyopita. Kuitoa bandarini ndiyo nimekwama."

Kesho yake nikaenda kwake Kibaha. Akanitolea daftari la shule la mwanawe. Ukurasa wa nyuma kulikuwa na bajeti yake, mistari mitatu kwa kalamu nyekundu: Gari. Ushuru. Mengineyo. Miwili ya kwanza kaipiga hadi shilingi ya mwisho. Kwenye mengineyo kaweka laki tatu, akapiga mstari, basi.

Tangu siku ile mstari huo wa tatu haunitoki kichwani. Mlemle ndani vilitakiwa vitoshee vyote: wakala wa kutoa gari, tozo za bandari, usajili na namba, bima, mafuta ya kulifikisha nyumbani. Na huku anahangaika kwa ndugu na marafiki, gari limesimama yadi, storeji, yaani gharama ya kulihifadhi, inahesabiwa kila siku inayopita. Mwisho akaenda kuchukua kausha damu, mkopo wa mtaani wa riba kubwa. Anayeijua mikopo hiyo hahitaji kuelezwa zaidi.

Hasira zangu si kwake. Ni kwa matangazo yanayotujaa kwenye simu: Toyota IST inang'aa, chini yake bei ya CIF kwa dola, yaani gari, bima ya safari na nauli ya meli, na maneno "miliki gari leo". CIF inakufikishia gari bandarini tu. Kama lina zaidi ya miaka kumi, na wengi wetu tunamudu hayo hayo, kuna ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini, asilimia 30 nyingine kwa ajili ya uzee wake, kisha VAT asilimia 18 juu ya jumla yote hiyo. Kwa injini ya cc 1,500 kodi peke yake inakaribia kuwa sawa na CIF yenyewe. TRA, mamlaka ya mapato, wana kikokotoo chao mtandaoni, bure kabisa. Muuzaji mwaminifu angekuelekeza kwenye hicho kwanza kabla ya picha.

Kodi, angalau, mdogo wangu aliijua. Lililomponza ni kwamba hakuna aliyemkalisha chini akamwambia: gari likishatoka ndipo linaanza kula.

Yeye anafanya kazi Posta, katikati ya Dar es Salaam. Kutoka Kibaha ni kama kilomita 40, kwenda na kurudi 80. Kwa foleni za Morogoro Road, gari dogo likikupa kilomita 12 kwa lita umshukuru Mungu. Siku 22 za kazi, hizo ni zaidi ya lita 140 kwa mwezi. Weka lita moja hata kwa shilingi 2,800, unavuka 390,000, na Jumatano ya kwanza ya kila mwezi EWURA, wanaosimamia bei za mafuta, wanatangaza bei mpya. Hapo hujaenda msibani, hujampeleka mtoto hospitali, hujabadilisha oili. Nilipomsomea hesabu hiyo alinyamaza muda mrefu. Alikuwa hajawahi kuifanya, na ni mtu anayejua hesabu kuliko mimi.

Gari lilipotoka tukaliangalia tairi. Meno yote yapo. Nikamwambia apitishe kidole ubavuni: mipasuko midogo midogo, kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi. Namba nne za ubavuni, wiki na mwaka wa kutengenezwa, zilionyesha zimezeeka muda mrefu. Tairi nne, kwa mtu ambaye tayari anadaiwa. Betri nayo ilikuwa inasuasua. Na barabara ya vumbi ya kwao bado haijaanza kazi yake kwenye bushi na shokapu.

Watu husema ada ya leseni ya mwaka ilifutwa 2017, mzigo umepungua. Ilifutwa, kweli, lakini ushuru wa mafuta ukapanda mwaka uleule, kwa hiyo unalipia pampuni. Na bima ndogo, ile inayomlipa mwingine uliyemgonga, haitengenezi gari lako ukigonga.

Sikatai, gari linahitajika. Mke wake aliwahi kushikwa na uchungu usiku wa mvua wakasubiri usafiri karibu saa nzima. Siwezi kumwambia mtu aliyepitia hayo kwamba gari ni anasa, na atakayemwambia hivyo mbele yangu tutagombana.

Ninachoomba ni kimoja. Kabla hujatuma dola hata moja, jifanye gari unalo. Miezi sita mfululizo, kila mshahara ukiingia, tenga pesa ya mafuta, sevisi, spea na bima, na usiiguse. Ukiweza, agiza kwa amani. Na ile akiba itakutolea gari bandarini. Ukishindwa mwezi wa pili, umejua mapema, na hakuna anayekudai. Sisi ndugu nasi, kabla ya kuandika "hongera" kwenye grupu la familia, tuulize: ya mafuta ipo? Swali hilo sikumuuliza mdogo wangu alipotutumia picha ya gari. Nilimtumia makofi.

Jumapili tulifungua ukurasa mpya. Mengineyo hatukuiandika. Tukaanza na mafuta, bima, oili, plagi, brekipedi, kila kimoja mstari wake na mwezi wake. Kwenye tairi akaacha nafasi ya bei. Jumamosi tunakwenda Ilala kuiuliza bei hiyo.