Faiba au rauta ya laini? Dodoma, tazama kwanza unakaa wapi

Tangu serikali ihamie Dodoma, nyumba za kupangisha zimechipuka Nzuguni, Ilazo na Nkuhungu kwa kasi ambayo nguzo na mabomba havijaiweza. Mpangaji akishaulizia maji na Luku, anauliza intaneti: nivute faiba, yaani intaneti ya waya hadi nyumbani, au ninunue rauta ya laini, kisanduku kinachotumia laini ya simu kupata intaneti ya mnara? Ubishi wenyewe huwa wa kasi tu. Kwangu kasi ni swali la tatu, baada ya unakaa wapi na utakaa muda gani.

Kwanza hicho kisanduku, maana majina yanachanganywa. Modemu ni mkalimani: inapokea mawimbi ya redio, umeme wa waya au mwanga, inayageuza kuwa data, kisha inafanya hivyohivyo kinyume chake. Rauta inagawa data hiyo kwa simu na televisheni za humo ndani. Siku hizi vyote vimo kwenye ganda moja, ndiyo maana mtu akiona Waifai imejaa anashangaa kwa nini ukurasa haufunguki. Waifai inaishia kisandukuni. Ya kutoka hapo kwenda nje ni habari nyingine.

Faiba inasafirisha mwanga ndani ya uzi wa kioo. Waya wa shaba wa simu ya mezani ulikuwa unachoka: kadiri ulivyokaa mbali na mitambo ndivyo kasi ilivyopungua. Kioo hakina tatizo hilo kwa umbali wa mtaani, na kutuma mafaili mazito au kukaa kwenye kikao cha mtandaoni ndipo utamu wake unapoonekana. Kasoro yake ni kwamba imefungwa kwenye nyumba. Ukihama, unaiacha ukutani. Greda likichonga barabara likakata waya, unasubiri fundi. Umeme ukikatika na kisanduku nacho kinazima, isipokuwa una betri ndogo ya pembeni.

Rauta ya laini unaibeba kwenye begi. Lakini mnara ni wa wote, na saa mbili usiku mtaa mzima uko hapo.

Jamaa yangu wa Nzuguni alishaapa kwamba kampuni yake ni ya wezi. Nilipofika nikaikuta rauta nyuma ya televisheni, ndani ya kabati la chuma! Tukaihamishia dirishani, upande wa mnara, alama za mtandao zikatoka mbili zikawa nne. Mchana ule kila kitu kilifunguka. Usiku video zikarudi kuzungukazunguka, na hapo dirisha halikuwa na msaada tena. Kwa hiyo alikuwa amekosea nusu tu.

Kuhusu kasi yenyewe, kumbuka Mbps 20 (megabiti 20 kwa sekunde) za kwenye tangazo ni biti, si baiti. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo gawanya kwa 8: unapata MB 2.5 kwa sekunde, filamu ya GB 1 inashuka kwa kama dakika 7. Video ya HD inatosheka na Mbps 5 hivi, kwa hiyo familia ya watu wanne haina haja ya kifurushi cha bei kubwa kuliko vyote.

Intaneti ya setilaiti ni ya aliye mbali na mnara na waya, tuseme vijiji vya ndani vya Chemba. Zile za zamani ziko juu kilomita 36,000 hivi, jibu linachelewa kama nusu sekunde. Mpya, zilizo juu kilomita 550 hivi, zimeondoa kero hiyo.

Mimi ningesema hivi: nyumba ikiwa yako, au unajua utakaa miaka, na waya umeshafika nguzo ya mtaani, vuta faiba. Ukiwa na mkataba wa miezi sita, chukua rauta isiyofungwa kwenye laini ya kampuni moja, na kabla ya kulipa ijaribu laini utakayoiweka humo kwa simu, chumbani humohumo, saa mbili usiku.

Jamaa yangu bado yuko na rauta yake dirishani. Faiba imefika nyumba ya tatu kutoka kwake, ila mwenye nyumba hajakubali ukuta utobolewe.