Koti la Gikomba Bungeni

Mdosi wangu ni mfugaji wa ng'ombe wa nyama, na pia ni seneta. Usishtuke. Bunge la jimbo la Nebraska lina chumba kimoja tu, wajumbe 49, wote huitwa maseneta, na mshahara wao ni dola 12,000 kwa mwaka. Huku Marekani hiyo ni kodi ya nyumba na nauli. (MCA wetu kule Kenya, yaani mjumbe wa bunge la kaunti, angegoma kabla hajaapishwa.) Kwa hiyo vikao vikianza Januari kule Lincoln, mzee haachi mifugo: siku za kazi anatunga sheria, wikendi anazalisha ng'ombe.

Shida ni kwamba ng'ombe hawasomi ratiba ya Bunge. Februari na Machi ndio wanazaa, baridi ikiwa imekaza. Jumatatu moja alfajiri tulikuwa ndio tunatoka, mimi naendesha pikapu ili yeye apitie mswada wa kodi ya ardhi, tukamwona ndama kando ya ua, ametoka kuzaliwa, masikio yanaanza kuganda. Dawa ya ndama wa hivyo ni moja: ndani ya gari, hita juu kabisa. Tukamlaza kiti cha nyuma, tukageuza kumpeleka kwa mama mwenye nyumba amnyweshe dang'a.

Suti ilikuwa imetundikwa dirishani pale pale. Ya mzee ni moja tu: ya harusi, ya mazishi na ya kampeni. Ndama akapata joto, akapata nguvu, akaivuta chini, akapata choo.

Mzee akageuka, akalitazama koti langu. Mtumba wa Gikomba, soko la Nairobi. Mimi mwembamba, yeye kakulia nyama ya ng'ombe wake mwenyewe.

Juu ya mnara wa Bunge, Lincoln, kuna sanamu ya mkulima anapanda mbegu. Naye hana koti, lakini yule haombi kuzungumza. Wangu aliomba. Nikiwa roshani ya wageni nilimwona akisimama, akaeleza jinsi kodi inavyomkaba mkulima, kisha akapanua mikono kuonyesha ukubwa wake. Kipaza sauti kikanasa kila kitu: krraaaa, kwapa hadi kiuno. Ukumbi mzima ukacheka, na yeye akaendelea na mswada wake mkono mmoja ukiwa umebana ubavu.

Jioni, kabla sijarudi shambani, akalivua na kusoma lebo ndani ya kola. Duka la Omaha. Akataka kujua limefikaje kwangu, nikamsimulia safari ya robota hadi Nairobi.

"Kumbe koti ni mzaliwa wa hapa," akasema. "Wewe ndiye mwenye viza."