Kuhama nchi na mtoto wa sekondari: angalia darasa analoingia kabla ya jina la shule

Wazazi wengi visa ikishatoka na mkataba wa kazi umeshasainiwa, kitu cha kwanza wanachofanya kuhusu mtoto ni kuingia mtandaoni kutafuta orodha ya shule bora za mji wanaoenda, wanaangalia matokeo, wanaangalia picha za maabara na viwanja, alafu ubishi unaanza nyumbani, mmoja anataka shule ya kimataifa mwingine anataka ya serikali. Huo ubishi una msingi na nitauchambua, ila niseme mapema msimamo wangu: kwa mtoto wa sekondari kinachoamua mambo mengi ni darasa gani anaingia, mwezi gani, na amebakiza muda gani kabla ya mtihani mkubwa wa huko. Shule ya kawaida akiingia kwa wakati mzuri itamfikisha mbali tu. Shule yenye jina kubwa akiingia miezi michache kabla ya mtihani inaweza kumvunja moyo mpaka achukie kusoma.

Wanaotetea shule za kimataifa wana hoja nzito na sio ya kujionyesha kama watu wanavyodhani. Mtaala haukatiki. IB (International Baccalaureate), mtaala wa kimataifa wa shule, ilianzishwa Geneva mwaka 1968 kwa sababu hiyo hiyo, kulikuwa na watoto wa watu wanaohama hama kikazi na kila nchi ilikuwa na cheti chake ambacho nchi nyingine hakikubaliki kirahisi. Mtoto aliyeanza IGCSE ya Cambridge, yani cheti cha kimataifa cha sekondari, nchi moja anaweza kuendelea nayo nchi nyingine, vitabu ni vile vile, mtihani ni ule ule, anachobadilisha ni walimu na marafiki. Kwa hiyo kama mkataba wako ni wa miaka miwili mitatu na unajua kabisa baada ya hapo mnahama tena au mnarudi, mimi naona hapo hakuna cha kubishana, mtaala unaohamishika ndio unaomfaa. Vivyo hivyo kama mtoto ana miaka 16 na mnaenda nchi ambayo lugha yake hajawahi hata kuisikia.

Ila hizo shule zina mambo yake. Ada kwanza, na hatari sio ukubwa wake tu, hatari ni kwamba mara nyingi inalipwa na mwajiri, sasa mkataba ukivunjika katikati ya mwaka mtoto anatolewa shule huku hajui lugha ya nchi anayoishi na hana rafiki hata mmoja mtaani. Alafu usidhani IB Diploma ni njia laini ya mgeni. Ni miaka miwili, masomo 6, matatu kati ya hayo kwa ngazi ya juu, kuna insha ya utafiti inayofika maneno 4,000, kuna somo la nadharia ya maarifa, kuna shughuli za kujitolea, na kupata cheti chenyewe unahitaji angalau pointi 24 kati ya 45. Mtoto aliyezoea kuandikiwa notsi ubaoni na kuzikariri anakutana na kazi ya kutafuta mada mwenyewe, kusoma vyanzo mwenyewe na kuandika hoja yake, na hakuna anayemsubiri.

Shule ya serikali nayo, hasa kwenye nchi tajiri, kwa kawaida haina ada, inampa mtoto lugha na marafiki wa mtaa na inamuweka kwenye njia ile ile ya kwenda chuo wanayopita wenzake wa huko. Na sheria nyingi ziko upande wa mtoto kuliko wazazi wanavyojua. Marekani Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1982, kesi ya Plyler na Doe, kwamba shule ya umma haiwezi kumkataa mtoto kwa sababu ya karatasi zake za uhamiaji. Lakini hapo hapo Marekani kuna kitu kinawachanganya watu: mtoto anayekuja kama tegemezi kwenye visa ya mzazi anasoma shule ya umma kama wengine, ila anayekuja mwenyewe kwa visa ya mwanafunzi F-1 akitaka sekondari ya umma anaruhusiwa miezi 12 tu na analipia gharama yote. Ni hali mbili tofauti kabisa, na ushauri wa aliyepita njia moja hauwezi kukusaidia kama wewe uko kwenye nyingine.

Jambo jingine, shule ya serikali sehemu nyingi inafuata anwani ya nyumba. Uingereza na Marekani ndivyo ilivyo kwa kiasi kikubwa, yani ukichagua nyumba umeshachagua shule, kwa hiyo kusaini mkataba wa nyumba kabla ya kuangalia ramani ya shule ni kufanya mambo kinyume nyume. Na ukifika katikati ya mwaka utakuta shule zinazogombaniwa zimejaa, halmashauri itakusaidia kupata nafasi lakini sio lazima iwe pale ulipopataka, haki ya kukata rufaa unayo ila rufaa inachukua wiki kadhaa na mtoto yuko nyumbani.

Kuna sehemu hata huchagui. Quebec, Kanada, tangu sheria ya lugha ya 1977 watoto wa wahamiaji kwa kawaida wanatakiwa kusoma shule za Kifaransa, na hata wale wa vibali vya muda ambao walikuwa wanapewa msamaha, tangu mabadiliko ya 2022 msamaha wenyewe una kikomo cha miaka mitatu. Mtu amehamia Montreal akijiambia Kanada ni Kiingereza tu, anashtuka binti yake wa miaka 13 anapelekwa darasa la kujifunza Kifaransa.

Sasa lugha, na hapa nitakaa kidogo manake ndipo wazazi wengi wanapodanganyika. Mtafiti wa Kanada anaitwa Jim Cummins alionyesha zamani, tangu miaka ya 1970 mwishoni na 80, kwamba lugha ya kuongea na wenzako mtoto anaipata ndani ya mwaka mmoja mpaka miwili hivi, ila lugha ya kusomea, ile ya vitabuni na kwenye mtihani, inaweza kuchukua miaka mitano mpaka saba kufikia wenzake waliozaliwa nayo. Kwa macho ni hivi: mtoto anaongea na wenzake kwenye basi mpaka unajivuna, anacheka, anatukanana nao, lafudhi imeshabadilika. Jioni anafungua karatasi ya jiografia, swali linasema tathmini kwa kiasi gani mafuriko ya mto huo yalisababishwa na shughuli za binadamu. Mafuriko anayajua, hata sababu zake anazijua, anaziorodhesha zote tano vizuri kabisa. Anapata maksi 3 kati ya 9, kwa sababu hakuambiwa aorodheshe, aliambiwa apime ipi ina uzito kuliko ipi na atoe uamuzi. Mzazi anaona mtoto amekuwa mvivu, mwalimu anaona mtoto uwezo wake ni wa kati, wakati mtoto anachohitaji ni miaka miwili zaidi na mtu wa kumfundisha kuandika.

Ukiweka hiyo hesabu ya miaka pembeni ya kalenda ya mitihani ndio utaona kwa nini nang'ang'ania darasa. England kozi ya GCSE, yenye mtihani mkubwa wa sekondari wa huko, watoto wengi wanaisoma Year 10 na 11 (mwaka wa 10 na 11 wa shule), umri wa miaka 14 mpaka 16. Anayeingia mwanzo wa Year 9 ana muda wa kuhema. Anayeingia katikati ya Year 10 anakuta nusu ya riwaya imeshasomwa, masomo ya kuchagua yameshapangwa na mengine yamejaa, na shule nyingi kule zinapanga watoto kwa umri, kumrudisha darasa la nyuma sio kitu wanakubali kirahisi. Ujerumani ni ugumu wa aina nyingine, watoto wanagawanywa mapema, majimbo mengi baada ya darasa la 4 na Berlin baada ya la 6, wengine Gymnasium inayoelekea Abitur, mtihani wa kumaliza sekondari, na chuo kikuu, wengine njia nyingine. Mgeni anaanzia darasa la maandalizi ya lugha, ambalo ni jema, ila uliza mapema sana akitoka hapo anapelekwa wapi, manake mtoto mwenye akili ya hesabu anaweza kuwekwa njia ya chini kwa sababu tu ya Kijerumani. Kupanda baadaye inawezekana ila ni kazi. Uholanzi nako wanagawanya wakiwa na miaka 12 hivi. Mimi ningekuwa naenda Ujerumani ningetafuta shule zile za Gesamtschule ambazo njia zote ziko chini ya paa moja, mtoto akishaijua lugha anasogea bila kuhama shule.

Marekani na Ontario, jimbo la Kanada, mfumo wa kredit unamsamehe mgeni zaidi. Ontario kwa miaka mingi diploma imekuwa kredit 30, zinakusanywa somo kwa somo, na mtoto aliyetoka nje anaweza kutambuliwa kredit za alikotoka. Haimaanishi ni rahisi, ila hakuna ile hali ya miaka miwili yote kupimwa ndani ya wiki chache za mtihani.

Kwa hiyo chini ya miaka 12 au 13, mnakoenda kukaa kwa muda mrefu, mimi nasema shule ya serikali na usijichoshe. Miaka 13 na 14 bado ni serikali, mradi kuna msaada wa lugha wa kweli, na ukiambiwa arudie darasa kubali, sijui kwa nini wazazi wanaona ni aibu wakati ule mwaka mmoja ndio unaomuokoa. Ugumu ni miaka 15 na 16.

Hapo kuna chaguo watu wanaogopa hata kulitaja, kumuacha mtoto nyuma kwa ndugu amalize mtihani wake alafu afuate. Faida yake anakuja na cheti kamili mkononi badala ya nusu ya silabasi mbili. Hasara yake, mbali na kutengana na wazazi umri ambao anawahitaji sana, ni sheria ya tegemezi: nchi nyingi akishafika miaka 18 haombi tena kama mtoto wako, na maombi yenyewe yanachukua miezi. Tena kuna ada ya chuo. England ili ahesabiwe mwanafunzi wa ndani kwa kawaida anatakiwa awe ameishi huko miaka mitatu kabla ya kozi kuanza, pamoja na hadhi ya ukazi inayokubalika. Kwa hiyo mwaka mmoja wa kumsubirisha unaweza kuwa na bei ambayo hukuiona. Mimi bado naona kama amebakiza miezi chini ya 10 kwenye mtihani na ana mlezi wa kuaminika, amalize. Ikizidi hapo aje na nyie.

Na yeye mwenyewe aulizwe, mtoto wa miaka 15 anajua somo gani linamlemea na anaogopa nini.

Kabla hujaondoka chukua ripoti za miaka mitatu zenye mhuri, silabasi ya kila somo na barua ya shule inayoeleza maksi zao zinasomwaje, kisha zitafsiriwe na mtafsiri anayetambulika, manake ukishafika kufuatilia hayo kwa simu utachoka. Alafu piga simu shule unayoifikiria, uongee na anayeshughulikia wanafunzi wapya. Muulize mtoto wa umri huu akija mwezi huu mtamuweka darasa gani, anapata masaa mangapi ya lugha kwa wiki na nani anamfundisha, na wale waliokuja wakiwa na umri kama wake miaka mitatu iliyopita sasa hivi wako wapi. Akikosa jibu la hilo la mwisho, endelea kutafuta.